Maswali ya Wasomaji: Kufuzu kuwa mtaalamu wa usemi na lugha katika shule za umma za Marekani

Barua nyingi safari hii zinahusu kazi moja: mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha katika shule za umma za Marekani. Ndiye anayekaa na mtoto mwenye kigugumizi, mtoto ambaye sauti ya r haijamkaa ulimini, mtoto mwenye usonji anayezungumza kwa kubonyeza picha kwenye kompyuta kibao, na yule anayelijua kila neno likiwa peke yake lakini sentensi nzima inampotea. Tumejibu kila barua kwa kadiri swali lake lilivyodai.

Nina shahada ya kwanza ya isimu kutoka Tanzania, na nina kibali cha kufanya kazi hapa. Nataka kutoa tiba ya usemi shuleni. Nianzie wapi, na itanichukua miaka mingapi? (Msomaji, Houston, Texas)

Anzia mwisho urudi nyuma. Kabla ya kutafuta chuo, soma masharti ya jimbo utakalofanyia kazi, kwa sababu ruhusa ya kuingia darasani inatolewa na jimbo, si chuo wala chama cha wanataaluma. Kwa Texas, leseni hutolewa na mamlaka ya leseni ya jimbo, TDLR, na wilaya za shule huipokea leseni hiyohiyo. Majimbo mengine yanadai cheti cha idara ya elimu pia, na wapo watu waliogundua hilo wakiwa tayari wana ofa ya kazi mkononi.

Shahada ya uzamili huna budi kuipata, na iwe ya programu iliyoidhinishwa na CAA, baraza la ithibati lililo chini ya ASHA, chama cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu cha Marekani. Jina la shahada lisikuhadae. Uzamili wa mawasiliano, wa elimu maalumu au wa isimu haukufikishi huko, hata chuo kiwe na sifa namna gani. Hakiki programu yenyewe katika orodha ya CAA, si chuo tu.

Shahada yako ya nyumbani itahitaji kupimwa na wakala wa kutathmini vyeti vya nje. Agiza tathmini ya kozi kwa kozi. Ile ya bei nafuu husema tu kwamba shahada yako inalingana na ya kwanza ya Marekani, na kamati ya udahili haiwezi kuitumia kukusamehe kozi hata moja. Isimu ina faida hapa: fonetiki, fonolojia na upataji wa lugha kwa mtoto ni kozi za awali ambazo programu nyingi huzidai, na chuo kinaweza kukuondolea. Anatomia na fiziolojia ya viungo vya usemi, misingi ya audiolojia (elimu ya usikivu) na sayansi ya sauti karibu kwa hakika utazisoma upya. Tenga mwaka mmoja kwa ajili yake. Baadhi ya vyuo vinazifundisha kwa mtandao, vingine huziunganisha na uzamili wenyewe ukawa wa miaka mitatu.

Kisha kuna masomo manne ambayo ASHA inayataka kwenye nakala yako ya matokeo: bayolojia, fizikia au kemia, takwimu, na somo la sayansi ya jamii au tabia kama saikolojia. Takwimu ndiyo inayowaangusha wengi. Lazima iwe kozi ya takwimu inayojitegemea. Kozi ya mbinu za utafiti iliyofundishwa ndani ya idara ya usemi haihesabiki. Fizikia nayo watu huiahirisha mpaka mwisho, wakaikumbuka wakati wenzao wanajaza maombi ya cheti cha ASHA. Kama somo lolote kati ya haya ulilisoma nyumbani, linaweza kukubaliwa, ilimradi lionekane kwa jina katika tathmini.

Maombi ya programu nyingi hupitia mfumo mmoja uitwao CSDCAS, na tarehe za mwisho nyingi huangukia kati ya Desemba na Februari kwa masomo yanayoanza majira ya kupukutika majani. Nakala za matokeo kutoka vyuo vya Afrika Mashariki huchelewa, basi ziagize angalau miezi mitatu kabla. Ukichagua programu ya mtandaoni, uliza jambo moja kwa maandishi: je, chuo kina idhini ya kukupangia mafunzo ya vitendo katika jimbo lako? Kama hakina, utasoma nadharia yote ukwame kwenye vitendo.

Hesabu ya jumla: mwaka mmoja wa kozi za awali, miwili ya uzamili, na takriban miezi tisa ya kazi chini ya mlezi. Miaka mitatu na nusu hadi minne, kama hakuna kilichokwama.

Mwalimu wetu anasema cheti cha ASHA, CCC-SLP, si lazima shuleni. Rafiki yangu anasema bila hicho huajiriwi. Nani mkweli? (Mwanafunzi wa uzamili, Sacramento)

Wote wawili, ila wanazungumzia vitu tofauti. Sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, iliyopitishwa mwaka 1975 na sasa ikijulikana kama IDEA, inataka mtoa huduma awe na sifa zinazotambuliwa na jimbo lake, na sifa hizo zisiwe zimelegezwa kwa msamaha wa dharura au wa muda. Haikutaja CCC. Kwa hiyo kila jimbo limejitungia masharti yake.

Huko kwako California, anayeajiriwa na shule ya umma anahitaji cheti cha huduma za usemi kutoka tume ya jimbo inayotoa vyeti vya walimu. Leseni ya bodi ya jimbo ya wataalamu wa usemi ni kwa ajili ya kliniki na hospitali. Unaanza na cheti cha awali, na cheti kamili hufuata ukishamaliza kipindi cha kazi chini ya mlezi na kufaulu Praxis, mtihani wa kitaifa wa taaluma hii. New York wanatoa cheti cha ualimu wa wanafunzi wenye ulemavu wa usemi na lugha, kifupi chake TSSLD, na humo kuna semina za lazima: kutambua unyanyasaji wa watoto, kuzuia vurugu shuleni, na sheria ya utu wa wanafunzi. Kwa anayezungumza lugha mbili, New York wana nyongeza ya lugha mbili kwenye cheti hicho, na ina mtihani wake.

Sasa kwa nini waajiri wanaitaka CCC hata pale sheria isipoidai? Fedha. Wilaya za shule huruhusiwa kudai malipo ya Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa tiba wanayopewa watoto wenye bima hiyo, na kanuni za Medicaid zinamtambua mtaalamu mwenye CCC, au aliyekamilisha elimu na uzoefu unaolingana nayo. Mwajiri asiyeweza kudai malipo kwa kazi yako anapoteza pesa. Ndiyo maana wilaya nyingine huongeza posho kwa mwenye CCC. Ushauri wetu ni kuikamilisha hata kama jimbo lako halikulazimishi, kwa sababu ukiiacha leo, siku utakapohamia jimbo jingine itakubidi kufukua rekodi za saa za vitendo za miaka mingi nyuma, na msimamizi wako pengine ameshastaafu.

Nimechanganyikiwa na saa. Wengine wanasema 375, wengine 400, wengine 1,260. (Msomaji, Columbus, Ohio)

Ni hesabu mbili zilizochanganywa.

Ya kwanza ni ya chuoni. Jumla ni saa 400: saa 25 za kuangalia mtaalamu akifanya kazi, na saa 375 za kumhudumia mteja ana kwa ana. Kati ya hizo 400, angalau 325 ziwe za ngazi ya uzamili. Hadi saa 75 zinaweza kutoka kwenye mazoezi ya kuigiza kwa kompyuta au kwa mgonjwa wa mfano. Msimamizi hatakiwi kukuangalia chini ya asilimia 25 ya muda wako na kila mteja, naye awe na CCC hai, uzoefu wa miezi tisa au zaidi baada ya kuipata, na saa mbili za mafunzo ya usimamizi. Kinachohesabiwa ni dakika za kumhudumia mteja au familia yake. Kuandika ripoti, kuandaa picha na kusubiri mtoto atoke kwenye mazoezi ya viungo hakumo. Siku ya saa sita shuleni inaweza kukupa saa tatu tu zinazohesabika.

Saini karatasi zako kila wiki. Saa ambazo hazikusainiwa, na msimamizi kaacha kazi katikati ya muhula, zinaweza kupotea kabisa.

Hesabu ya pili huanza baada ya kuhitimu: mwaka wa ulezi wa kikazi, unaoitwa CF. Unadai mambo mawili kwa pamoja, wiki 36 na saa 1,260, yaani saa 35 kwa wiki. Ukifanya kazi saa 50 kwa wiki hufupishi chochote, na wiki ambayo hukufikisha saa tano haihesabiki kabisa. Anayefanya nusu muda, saa 20 kwa wiki, atahitaji wiki 63. Asilimia 80 ya muda wako iwe kazi ya kitaalamu inayomgusa mteja. Mlezi wako anakuangalia kwa saa 18 ukiwa na wateja na kukufuatilia kwa saa nyingine 18 kwa njia kama kusoma ripoti zako, zikigawanywa sawa katika vipindi vitatu.

Mwaka wa shule wa siku 180 una wiki 36 kamili, bila ziada. Hapo ndipo mtego wa shule ulipo. Ukianza Oktoba kwa sababu leseni ya muda ilichelewa, ukaumwa wiki moja, ukaja likizo ya Krismasi, Juni itakukuta hujamaliza na utasubiri Agosti watoto warudi. Basi omba leseni ya muda mara tu chuo kinapoweza kuthibitisha umehitimu. Usianze kazi kabla haijatoka, hata mkuu wa shule akikusihi: kufanya kazi bila leseni pale inapodaiwa ni kosa, na saa hizo zaweza kukataliwa.

Jambo la mwisho hapa, na tunalisisitiza: mtafute mlezi wako kwenye tovuti ya ASHA kabla hujaanza, na umtafute tena Januari, kwa kuwa vyeti hufanywa upya mwisho wa mwaka. Akisahau kulipia, saa ulizofanya chini yake akiwa hana cheti hai hazikufai kitu. Si utovu wa adabu kumwambia, "Mwalimu, naomba tuhakikishe cheti chako kiko hai." Mlezi mzuri atakushukuru.

Praxis ni ngumu kiasi gani? (Msomaji, Nashville)

Mtihani wenyewe ni namba 5331, maswali 132 ya kuchagua jibu kwa dakika 150, na ASHA inataka alama 162 katika kipimo cha 100 hadi 200. Maswali yamegawanywa sawa: misingi ya taaluma, uchunguzi na utambuzi, na tiba. Aliyefanya vitendo vyake vyote shuleni hukwama kwenye kumeza chakula, sauti, na matatizo yatokanayo na kiharusi, hivyo anza kusoma huko. Unapojisajili, chagua ASHA na jimbo lako wapokee matokeo moja kwa moja. Nakala unayoituma mwenyewe haipokelewi. Matokeo yasiwe na umri wa zaidi ya miaka mitano siku unapoomba cheti.

Sina uwezo wa kusoma uzamili sasa. Je, kuna kazi ya msaidizi? (Baba wa watatu, Phoenix)

Ipo, katika majimbo mengi, na Arizona ni mojawapo. Masharti yanatofautiana sana: kwingine shahada ya miaka miwili yenye kozi za usemi, kwingine shahada kamili ya kwanza, na karibu kote saa za vitendo chini ya mtaalamu mwenye leseni. Uliza kwanza bodi ya leseni ya jimbo lako.

Ijue mipaka yake pia. Msaidizi huendesha vipindi vilivyopangwa na mtaalamu, hukusanya takwimu za maendeleo na huandaa vifaa. Hafanyi tathmini wala kutafsiri matokeo, haamui nani aanze au aache tiba, na haandiki malengo. Shule yenye upungufu wa watu itakujaribu hapo hapo: utaambiwa uingie kwenye kikao cha mzazi badala ya mtaalamu. Kataa kwa upole na umpigie simu msimamizi wako, maana leseni yake na kibali chako vyote viko hatarini.

Niko kwenye mafunzo ya vitendo shuleni. Nimepewa mtoto wa darasa la pili ambaye nyumbani wanazungumza Kiswahili; mwalimu anasema "hasemi vizuri". Msimamizi wangu hajui Kiswahili. Nimpime vipi? (Mwanafunzi, Kentucky)

Swali hili tumelisoma mara mbili, kwa sababu anayelijua vizuri ni wachache na watoto wetu wanaoumia ni wengi.

Sheria iko upande wako. IDEA inataka mtoto apimwe katika lugha yake ya asili au kwa njia ya mawasiliano itakayoonyesha vyema anachojua, ila pale isipowezekana kabisa, na inakataza kumtambua kuwa na ulemavu kama sababu kuu ni kutojua Kiingereza vya kutosha. Mzazi akishasaini ridhaa, mna siku 60 za kukamilisha tathmini, isipokuwa jimbo limeweka muda wake. Zitumie.

Kabla ya yote, masikio. Hakikisha amepimwa usikivu mwaka huu.

Halafu tenganisha tofauti na tatizo. Mtoto akisema "desiki" au "miliki" kwa maneno ya Kiingereza yanayoishia na konsonanti, anafuata silabi za Kiswahili zinazoishia na irabu. Akichanganya "he" na "she", ni kwa kuwa Kiswahili hakina jinsia katika "yeye" wala katika "a-" ya "anacheza". Akiacha s ya wingi mwishoni, lugha yake inaweka wingi mwanzoni: mtoto, watoto. Akisema "sink" kwa "think", uliza nyumbani wanasema "thamani" au "samani", kwa sababu wazungumzaji wengi hawana th hata katika Kiswahili chao. Hakuna hata moja hapo linalohitaji tiba.

Angalia pia Kiswahili cha nani. "Kitabu yangu" ni kosa kwenye mtihani wa sarufi, lakini kwa familia nyingi kutoka Kongo, na kwa mitaa mingi ya Nairobi, ndivyo wanavyosema watu wazima wenye akili zao timamu. Usimpime mtoto kwa Kiswahili sanifu ambacho hakijawahi kuzungumzwa nyumbani kwao. Mzazi ndiye kipimo chako: mrekodi akisimulia jambo, kisha mlinganishe mtoto naye.

Yanayopaswa kukushtua ni haya, yakitokea ndani ya Kiswahili chenyewe. Mtoto wa miaka saba anayesema "mama enda" wakati kila mtu nyumbani anasema "mama anaenda". Anayeambiwa "chukua kikombe, umpe bibi" akafanya nusu. Anayesimulia kisa bila msikilizaji kujua nani alifanya nini. Mwulize mama: alianza kusema lini? Ukimlinganisha na kaka na dada zake akiwa na umri kama huu, yukoje? Kuna mtu katika ukoo aliyechelewa kusema au aliyepata shida ya kusoma? Majibu ya mama yana uzito kuliko mwanafunzi anavyodhani.

Usitafsiri mtihani wa Kiingereza na kuandika alama zake. Alama hizo zilitokana na watoto wa Kiingereza, na ukishatafsiri swali, ugumu wake umebadilika. Badala yake rekodi mazungumzo na masimulizi mpaka upate sentensi 50 au zaidi, kisha fanya tathmini ya kumfundisha: mpe picha asimulie hadithi, mfundishe kwa vipindi viwili au vitatu jinsi ya kutaja wahusika, tatizo na mwisho, kisha mpe hadithi nyingine. Mtoto asiye na tatizo hupanda haraka, na unaona anaanza kujisahihisha. Mwenye tatizo anahitaji kushikwa mkono kila hatua, na kesho yake amesahau.

Kwa kuwa wewe unajua Kiswahili na msimamizi hajui, kaeni naye kwanza muamue nani anafanya nini. Wewe ni mwanafunzi: unaendesha, yeye anatafsiri matokeo na kusaini. Akitumika mkalimani, asiwe dada yake mtoto wala jirani, na aelezwe mapema asiongeze maneno, asioneshe kwa kidole, na aseme kosa la mtoto kama lilivyo. Wakalimani wengi wema hulinyoosha.

Ikithibitika ana tatizo, ndani ya siku 30 timu inakaa kuandika IEP, mpango wake binafsi wa elimu. Lengo liandikwe hivi: "Ifikapo Mei, akipewa picha 4 mfululizo, atasimulia kisa chenye mhusika, tatizo na mwisho katika majaribio 4 kati ya 5, kwa vipindi 3 mfululizo." Lengo kama "ataboresha lugha yake" halipimiki, na mwaka ukiisha hakuna atakayejua kama mlimsaidia. Na mwambie mama waendelee kusema naye Kiswahili nyumbani. Kuwaambia wazazi wahamie kwenye Kiingereza ni ushauri mbaya: humwacha mtoto na lugha iliyokatika na wazazi wasioweza kumsimulia kitu.

Nimepata ofa mbili za shule moja: kupitia wakala, mshahara mkubwa zaidi, au kuajiriwa na wilaya yenyewe. Nina mkopo wa serikali. (Msomaji, Denver)

Uliza nani anayelipa mshahara wako. Msamaha wa mikopo kwa watumishi wa umma, PSLF, unahitaji malipo 120 huku ukiwa mwajiriwa wa muda wote wa serikali au shirika lisilo la faida. Wilaya ya shule inahesabika. Wakala ni kampuni binafsi, na miaka yako kwake kwa kawaida haihesabiki, hata kama umekaa darasa lilelile na watoto walewale. Piga hesabu ya deni linalobaki, ulilinganishe na tofauti ya mshahara kwa miaka kumi. Ukichukua ya wilaya, jaza fomu ya kuthibitisha mwajiri kila mwaka, usisubiri mpaka mwaka wa kumi. Na kama bado uko kwenye mwaka wa CF, waulize wote wawili jina la mlezi wako na yuko jengo gani kabla hujasaini.